Nimebaki na upande mmoja wa doti

BARUA

Assalaam alaykum wenye safu.

Mimi ni mama wa miaka 58, wa Langoni, Amu (Lamu). Nimefiwa na shoga yangu miezi minne iliyopita. Naandika "nimefiwa" na nafsi yanisuta, maana tangu siku ile hakuna hata mtu mmoja aliyenambia makiwa. Mkono wa tanzia walipewa watoto wake, ndugu zake, hata mawifi ambao walikuwa hawasemezani naye. Mimi niliketi jikoni na wapishi.

Tulianza chuoni pamoja tuna miaka saba, tukisoma juzuu moja kwa sababu yake ilichanika. Tukaolewa mwaka mmoja. Mumewe alipokufa tukaanza kuuza mahamri ya asubuhi, yeye akikanda, mimi nikichoma, na tumeifanya kazi hiyo miaka 19. Alasiri tukishamaliza nyumba zetu huja kwangu, au mimi huenda kwake, tukaketi kiwandani mpaka magharibi.

Alipokufa nilikuwa Malindi, nimekwenda kumlea binti yangu aliyejifungua. Simu ilikuja alfajiri. Kiharusi, usiku. Walimzika baada ya adhuhuri. Basi langu lilifika gati ya Mokowe alasiri, nikavuka, nikakuta watu wanakula. Sikumuona, sikumuosha. Watoto hawana kosa, maiti haiwekwi. Lakini mpaka leo nikisikia viatu uchochoroni nainuka kumfungulia.

Usiku naamka saa tisa na silali tena. Mzee wangu si mtu mbaya, lakini asema dini imetupa siku tatu, zaidi ya hapo ni kumkasirikia Mola. Nami naogopa asije akawa anasema kweli.

Usiku ule wa kufa kwake alinitumia sauti ya WhatsApp, dakika mbili na sekunde kumi na nne. Sijaifungua.

Mahamri nayachoma peke yangu sasa na hayafuri. Mteja mmoja aliniuliza kama nauza soli za viatu. Halafu kuna leso: binti zetu walipoolewa tulinunua doti moja tukaikata, kila mmoja akachukua upande wake. Wake sijui uko wapi, na naona haya kuuliza.

La mwisho, na hili hajui mtu. Miaka sita iliyopita alinipa bangili mbili za dhahabu nimuwekee. Alisema, "Likinifika la kunifika, mpe yule mdogo, wenziwe wasijue." Ana watoto wanne, wanaume wawili na wasichana wawili, huyo mdogo ni msichana. Ninazo, zimo kabatini ndani ya kopo la maziwa. Kila nikitaka kwenda kuwatazama watoto nazikumbuka, nikifika mlangoni kwao narudi. Nifanyeje?

Mwenye upande mmoja, Langoni

JIBU

Wa alaykum salaam, mama. Makiwa.

Wenye elimu husema mkono wa tanzia hutolewa ndani ya siku tatu, isipokuwa kwa aliyekuwa mbali. Sisi tulikuwa mbali, basi upokee.

Utaturuhusu tuanze na lile uliloliweka mwisho. Umetuandikia mambo mengi kama kwamba yote ni huzuni, lakini ukiisoma tena barua yako utaona kuna jambo moja linalokurudisha mlangoni, nalo limo ndani ya kopo la maziwa. Nyumba ile ndiyo pekee mjini ambamo ungelia na watu wanaomlilia mtu yuleyule, na bangili ndizo zilizokufungia mlango wake. Usingizi, mahamri na leso tutavifikia.

Maneno "likinifika mpe" ni wasia, hata kama hayakuandikwa. Hayakuwa zawadi. Zawadi, yaani hiba, haitimii mpaka mpewaji akabidhiwe, na binti hakukabidhiwa kitu. Zile bangili zilikaa kwako kwa amri ya mwenyewe, na angeweza kuzidai siku yoyote katika miaka hiyo sita. Kwa hiyo zilikuwa mali yake mpaka pumzi ya mwisho, na baada ya hapo zikawa urathi. Na wasia kwa mrithi haupiti, ila warithi wenziwe wakiridhia baada ya kufa kwa mwenye mali. Ukimpa mdogo kwa siri utakuwa umewapunguzia watatu haki yao, na yeye utamvisha kitu atakachoshindwa kukivaa harusini. Ukizidi kuzificha, siku moja zitaonekana katika kabati lako, na hapo hakuna atakayekumbuka miaka 51.

Mpangilio ni huu. Kwanza hutoka gharama za mazishi, pili madeni ya marehemu, tatu wasia kwa asiye mrithi usiozidi thuluthi, kisha ndipo hugawanywa. Mume ametangulia. Ikiwa wazazi wake nao hawapo, mali huwa mafungu sita: kila mwanamume mawili, kila msichana moja. Bangili zinaingia humo.

Namna ya kuzikabidhi ina adabu yake, na hapa ndipo wengi huharibu. Usianze kwa yule mdogo, utamtwika siri aliyokuwa nayo mamake, na mwenziwe akija kujua, ugomvi utakuwa wa ndugu kwa ndugu. Usimpe kaka mkubwa peke yake vilevile, hata akiwa mwaminifu, kwa sababu baada ya mwaka mtu atauliza zilikuwa mbili au tatu na shahidi utakuwa wewe tu. Nenda kwanza kwa sonara pamoja na mtu mzima wa kwenu. Mwambie apime uzito kwa gramu na atazame karati, basi. Asizisafishe, asibaki nazo hata saa moja. Zipige picha. Andika karatasi: idadi, uzito, karati, mwaka uliopewa, na maneno aliyoyasema kama ulivyoyasikia. Kisha waombe wote wanne wakae siku moja. Aliye safarini asikie kwa simu, sauti ikiwa juu. Wawepo watu wazima wawili, mmoja wa kwao na mmoja wa kwenu.

Ukifika hapo sema mambo mawili: kwamba hii ni amana ya mama yao, na kwamba alitamani iwe ya mdogo. Halafu nyamaza. Usimpiganie binti, usiwape macho wakubwa. Tamaa ya mama ikisemwa mbele ya wote mara nyingi hulainisha, lakini hulainisha pale tu ambapo hakuna anayesukuma. Wakiridhia, iandikwe na kila mmoja atie sahihi. Wasiporidhia, ama ziuzwe wagawane, ama mmoja azichukue kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo na awalipe wenziwe mafungu yao. Wakigombana, usirudi nazo nyumbani. Zikae kwa mzee waliyekubaliana naye, kwa maandishi, mpaka waende kwa kadhi. Mahakama ya Kadhi inatambuliwa na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, kwa mambo ya urithi wa Waislamu. Na ujue Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, humtia hatiani anayeshughulika na mali ya marehemu bila idhini, nia yake iwe nzuri au mbaya. Hatusemi haya kukutisha. Mtu aliyepewa amana na asijue pa kuipeleka si mwizi, ila sasa umejua.

Siri zake nyingine, zile za maneno, hazimo katika hesabu hii. Hizo si urathi wa mtu. Watoto wakikuuliza "mama alikuwa akisema nini juu yetu", una ruhusa kamili ya kuwapa yale yanayowafaa na kuyaacha mengine yalale.

Sasa siku tatu. Mzee wako amesema neno la kweli akaliweka pasipo pake. Zilizowekewa kikomo cha siku tatu kwa asiyekuwa mume ni alama za msiba: kuacha mapambo, manukato, nguo za kupendeza. Mke kwa mumewe ni miezi minne na siku kumi. Hizo ni alama za nje. Machozi hayakuwekewa tarehe. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola. Linalokatazwa ni kupiga ukemi, kuchana nguo, kujipiga, na kusema maneno ya kuilaumu kudura. Kuamka saa tisa na kulia juu ya mto hakumo. Tena yako mapokezi mengine yanayokuhusu wewe hasa: baada ya kufa Bi Khadija, Mtume alikuwa akichinja kondoo na kuwapelekea nyama marafiki wa Khadija. Hakuwapelekea ndugu peke yao. Shoga wa marehemu alihesabiwa tangu zama hizo, ni sisi wa matanga ya leo tuliomsahau jikoni.

Huko Marekani mtaalamu mmoja, Kenneth Doka, aliipa hali hii jina mwaka 1989, huzuni isiyotambuliwa na watu. Mjane ana cheo, yatima ana cheo. Shoga hana eda, hana fungu, hana mahali jamvini, na mtu akikukuta unalia hukuuliza "kwani alikuwa nani wako?" Huzuni ya namna hii hukawia kwa sababu haina pa kutokea. Dawa yake si falsafa. Ni kupata mahali na muda unaojulikana, na watu wawili watatu wanaolijua jina la marehemu na hawaogopi kulitaja.

Muda unao tayari: alasiri mpaka magharibi. Ndio saa inayokuuma, na kosa la kwanza watu hufanya ni kuijaza saa hiyo kila siku kwa shughuli ili wasihisi, au kuiacha tupu kila siku wakazama. Margaret Stroebe na Henk Schut, wa Uholanzi, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa anayepona huenda na kurudi, leo anaikabili huzuni, kesho anashughulika na maisha, na kwamba kukwama upande mmoja ndiko kubaya. Kwa mtu wa Amu haya hayahitaji Uholanzi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila baada ya wiki mbili huja bamvua, maji makubwa kuliko ya kila siku. Basi katika siku saba, chagua alasiri mbili uzitoe kwake: keti kiwandani, msomee Yasini, toa leso, lia, taja jina. Alasiri tatu uwe na watu, nje ya nyumba yako. Mbili zilizobaki zijiendee zenyewe. Na bamvua unazijua tarehe zake kabla hazijafika: Ramadhani ya kwanza bila yeye, Maulidi ya Mfungo Sita, harusi ya mtoto wake yeyote. Mwaka wake pia utakufikia mara mbili, kwa sababu mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa kalenda ya ukutani. Usishangae ukisomwa hitima ya mwaka ukadhani umevuka, kisha siku kumi na moja baadaye mwili ukaanguka tena.

(Mtu atakwambia kuna hatua tano za huzuni na wewe umekwama ya pili. Hatua zile Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka 1969 kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakingojea kufa wao wenyewe. Hazikuwa ratiba ya wafiwa.)

Kuinuka kufungua mlango si wazimu. Akili hujifunza kifo kwa macho, na yako haikuona. Ulimuacha hai, ukarudi ukakuta sinia. Inabidi uipe akili yako yale iliyoyakosa, kwa mdomo wa walioyaona. Ukishamaliza habari ya bangili, mwombe binti yake mkubwa akae nawe akueleze usiku ule saa kwa saa: alikula nini, alisema nini mwisho, nani aliita watu, alfajiri alilazwa chumba gani. Usimkatize kwa kulia, lieni baadaye. Mwosha unaweza kumuuliza kama alikuwa na uso mtulivu, lakini usimchimbe zaidi. Mwosha hufunzwa kusitiri, na akikaa kimya ni adabu ya kazi, hakuna la kutisha analolificha. Kaburini, ikiwa kwenu wanawake hawaendi, mwombe mwanawe akupigie picha ya mahali penyewe na akwambie ni upande gani, karibu na kaburi la nani. Watu hupuuza hili. Ila mtu asiyejua mwenziwe amelala wapi huendelea kumtafuta mitaani.

Kwa wasomaji wengine walio mbali, maana Malindi mpaka Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu na hakuna maiti atakayengojea basi: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, unaweza kumswalia maiti aliye mji mwingine. Ni takbira nne ukiwa umesimama, haina rukuu wala sijida. Itakufaa kuliko kulia dirishani mwa basi na kuhesabu vizuizi vya polisi.

Ile sauti sasa, na hili lifanye leo kabla ya yote. Hatusemi uisikilize. Tunasema uihifadhi. Ukifungua mazungumzo yenu na ukaona mshale wa kupakua kwenye ujumbe ule, uguse sasa hivi, kwa sababu faili ambayo haijashushwa haikai milele kwenye mitambo ya WhatsApp. Ikiwa imeshashuka, imo ndani ya simu yako, hata akaunti yake ikifutwa kwa kutotumika, jambo linalotokea baada ya siku kama 120. Lakini simu huanguka baharini ukivuka Manda, au mjukuu huifuta. Mpe kijana unayemuamini afungue sehemu ya mafaili ya simu, aingie Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, kisha WhatsApp Voice Notes. Ajue kwamba sauti za watu wote zimechanganyika humo na majina ni namba za tarehe, basi atafute tarehe ya siku ile. Ainakili kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye simu ya pili. Zile nyingine za miaka iliyopita, afungue mazungumzo yenu, abonyeze vitone vitatu, achague kuhamisha gumzo pamoja na mafaili. Hapo WhatsApp hutoa jumbe za karibuni zipatazo 10,000 tu, za zamani zaidi huachwa, kwa hiyo njia ya kwanza ndiyo ya uhakika. Na usimpigie tena kwenye namba yake. Laini isiyotumika huzimwa, baadaye namba hupewa mtu mwingine, na hutaki siku ya kusikia sauti ya kijana wa Nakuru akisema halo.

Kuisikiliza ni jambo jingine. Tungependa uisikilize kabla ya kikao cha bangili, kwa sababu huenda alisema jambo linalowahusu warithi. Hata akiwa amerudia "mpe mdogo", hukumu haibadiliki, ila utakuwa umewafikishia maneno yake kamili. Isikilize mchana, umeshakula, na mtu karibu, hata akiwa chumba cha pili yatosha. Huenda ni dakika mbili za bei ya unga. Jitayarishe kwa hilo zaidi kuliko kwa wosia, maana watu hungojea maneno mazito wakakuta "ndoo na nazi mbili", na hilo ndilo huwavunja.

Leso iulizie mapema. Nguo za marehemu ni urathi nazo, na kwa kawaida hutolewa sadaka miezi ya mwanzo, kwa hiyo kila wiki unayoona haya, sanduku linapungua. Wapeleke upande wako uwaonyeshe: pindo hili, mji huu wa katikati, jina hili lililoandikwa. Wataitambua kwa kuiona kuliko kwa kusimuliwa. Ukipewa, na ukiikuta bado ina harufu yake, ya udi na kikuba, usiifue. Ianike ndani kivulini nusu siku ikauke unyevu, ikunje, itie mfuko wa plastiki uufunge hewa isiingie, na usiweke dawa ya nondo, kwa sababu itaimeza harufu yote. Hewa ya Amu ina chumvi na unyevu, pamba iliyofungwa na unyevu hupata madoa meusi ya kuvu katika masika moja. Kila ukiifungua harufu hupungua, kwa hiyo ifungue ukitaka hasa.

Na mahamri. Shoga yako aliondoka na mkono, vipimo havikuandikwa, ndiyo maana. Jaribu hivi: unga wa ngano kilo moja, sukari gramu 200, hamira vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, iliki punje kumi au kumi na mbili za kutwanga, chumvi kidogo, tui zito karibu nusu lita, uongeze kwa kijiko mpaka donge liache kushika mikono. Tunashuku mahali pawili. Pengine unapasha tui moto sana ili kuwahi: tui likikuunguza kidole limeshaiua hamira, linatakiwa uvuguvugu tu. Au, kwa kuwa uko mmoja badala ya wawili, unakanda dakika tano ukakimbilia jiko. Kanda dakika kumi na tano, uache saa moja na nusu mpaka unga uwe maradufu. Kata madonge manane, sukuma unene wa nusu sentimita pasipo sehemu nyembamba, kata kila moja vipande vinne, uviache tena robo saa chini ya kitambaa. Hamri hufura kwa mvuke unaonaswa katikati, likiwa na tundu au ukingo uliobanwa na kisu butu, mvuke hutoka likalala. Mafuta yawe ya moto kiasi kwamba kipande cha unga kikitiwa kinaibuka mara moja na mapovu, na ulimwagie mafuta juu kwa upawa sekunde za kwanza. Mafuta yakiwa baridi hamri hunywa mafuta, na hapo ndipo soli za viatu. Anza na nusu kilo kwa wiki mbili. Kazi ya watu wawili haifanywi na mmoja kwa kiasi kilekile, hata asiyefiwa angeshindwa. Yule msichana mdogo, ikiwa ana nafasi asubuhi, huenda aliwahi kumtazama mamake akikanda.

Usingizi tuseme upesi. Ukiamka saa tisa ukapita kama dakika ishirini hujalala, usilale ukingoja. Inuka, tia udhu, swali rakaa mbili, keti, rudi kitandani usingizi ukija. Kahawa na chai ya rangi ziishe adhuhuri. Mchana usilale zaidi ya nusu saa. Na nenda ukapimwe presha wiki hii, pale hospitali ya King Fahd au zahanati ya karibu, kisha tena siku nyingine mbili tofauti. Mmekula chungu kimoja miaka mingi na mwenzako ameondoka kwa kiharusi, ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, daktari aone. Kifua kikibana, pumzi ikikata, uso ukipinda au mkono ukifa ganzi, usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo.

Miezi minne si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani huanza kuihesabu huzuni kuwa maradhi inapopita miezi sita nayo bado inamzuia mtu kuishi siku zake, kwa kiasi kilichovuka mila za kwao. Kusema "natamani nimfuate" kwa uchungu ni kauli ya wafiwa wengi. Lakini ukijikuta unafikiria namna ya kumfuata, au huli na nguo zinakuvuka, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali.

Mzee wa nyumba hiyo, ukiusoma ukurasa huu: hukukosea kuitaja siku ya tatu. Alasiri moja ukirudi kutoka barazani Mkunguni, keti naye kiwandani kabla ya magharibi na umuulize ile juzuu ilichanikaje.